Kijana Aliyeketi Dirishani

Tafakari ya Dominika kwa familia zetu, tunapoelekea Majilio
Somo: Matendo ya Mitume 20:7-12



 Mwaka wa liturujia unafika ukingoni na Majilio yako mlangoni. Siku zimekuwa fupi. Wengi wetu tunatoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na ndicho kipindi ambacho viti vya kanisani huanza kuonyesha mapengo. Kwa hiyo juma hili tumeona vema tujiulize swali moja tu: tunapokusanyika siku ya Dominika, je, tunajua nani hayupo?

Hatuliulizi swali hili ili kumsuta mtu. Tunaliuliza kwa sababu kuna Dominika moja katika Maandiko Matakatifu ambapo mtu alianguka, na wenzake wakatambua. Hiyo ndiyo tunataka tuitazame pamoja.

Usiku ule Troa

Mwinjili Luka anasimulia kwamba siku ya kwanza ya juma Wakristo wa mji wa Troa walikusanyika ili kuumega mkate. Mtume Paulo alikuwa nao, na kesho yake alipaswa kusafiri. Kwa kuwa alikuwa na mengi ya kuwaambia, akahubiri hadi usiku wa manane. Walikuwa katika chumba cha juu, ghorofa ya tatu, na taa nyingi zilikuwa zinawaka. Kijana mmoja aitwaye Eutiko alikuwa amekaa dirishani. Usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka huko juu hadi chini, na walipomwinua wakakuta amekufa. Paulo akashuka, akajilaza juu yake, akamkumbatia, akawatuliza watu akisema kijana yu hai. Kisha akapanda tena juu, akaumega mkate, akala, akaendelea kuzungumza nao mpaka kulipokucha. Kijana akarudishwa kwao akiwa mzima, na watu wote wakafarijika mno.

Jina Eutiko kwa Kigiriki maana yake ni mwenye bahati. Kwetu angeitwa Bahati, jina ambalo katika familia zetu, kuanzia Bukavu hadi Mwanza, halikosekani. Basi tumwite hivyo: Bahati wa Troa, kijana aliyelala kanisani. Na kabla hatujamcheka, tukumbuke kwamba mhubiri alikuwa Mtume Paulo mwenyewe. Ikiwa hata mahubiri yake yalimlaza mtu, wahubiri wa leo nao wana la kujifunza.

Dominika ilianza kama siku ya kazi

Tunapaswa kujua jambo moja ili tumwelewe kijana huyu. Wakati ule Dominika haikuwa siku ya mapumziko. Ilikuwa siku ya kazi kama siku nyingine. Kaisari Konstantino ndiye aliyeifanya kuwa siku ya kupumzika, na hiyo ilikuwa mwaka 321. Kwa karibu miaka 300 Wakristo walikutana kabla ya mapambazuko, au jioni wakiwa wametoka kazini. Wengi wao walikuwa watumwa na vibarua. Si ajabu kwamba mmoja wao alisinzia.

Hapa Tensta tunalielewa hilo kuliko watu wengi. Tunaye mama anayesafisha mabasi usiku kucha. Tunaye baba anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia wazee, awavishe, awape dawa, awaandalie chai, kabla hajanywa chai yake mwenyewe. Tunaye kijana anayepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi akashike zamu ya mtu aliyeugua, na anajua kwamba akikataa mara mbili hataitwa mara ya tatu. Tena tusidanganyane: zamu ya Jumapili ina nyongeza ya malipo, na ada ya shule ya mdogo wetu kule Goma au Kigoma haisubiri.

Kwa hiyo mtu anayekosa Misa kwa sababu ya kazi asidhani kwamba Kanisa limemtupa. Kanisa lilizaliwa katikati ya watu wa zamu. Lakini watu wale wa zamu walipanda ghorofa ya tatu wakiwa wamechoka. Hawakusema, tutakuja siku tukipata nafasi. Walikuja na uchovu wao, wakaketi nao mbele ya Bwana.

Sheria ya Kanisa nayo haimkabi mtu shingo. Kanuni ya 1248 inatuambia kwamba wajibu wa Misa unatimizwa na yeyote anayeshiriki Misa popote inapoadhimishwa katika riti ya Kikatoliki, ama siku yenyewe ya Dominika, ama jioni ya siku iliyotangulia. Tuyapime maneno haya. Jioni ya Jumamosi inahesabika. Misa ya Kiswidi, ya Kiingereza au ya Kipolandi inahesabika. Misa ya ndugu zetu Wakaldayo, ambao ni Wakatoliki kama sisi na ambao wengi ni majirani zetu katika maghorofa haya, nayo inahesabika. Treni namba 10 inayotoka Hjulsta inapita hapa kwetu Tensta na kuishia Kungsträdgården, na karibu na kituo kile liko kanisa la Mtakatifu Eugenia, ambako kuna Misa ya Kiingereza kila Dominika. Mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga, na mtu ambaye kweli hana namna ya kuikwepa zamu, hao hawana hatia. Kanuni ileile inawashauri wasali nyumbani, peke yao au na familia, au familia kadhaa kwa pamoja.

Tunayasema haya kwa sababu imejengeka miongoni mwetu desturi ambayo haitujengi. Misa ya Kiswahili inapopatikana tunajaa, ngoma zinalia, vitenge vinapendeza, na watu wanatoka mbali. Dominika zinazofuata hatuonekani. Kiswahili ni zawadi ya Mungu kwetu, na kumsifu kwa lugha ya mama kunaponya moyo. Lakini anayetualika kila juma ni Bwana, naye haji mara moja kwa mwezi.

Nani yuko dirishani leo?

Mtu aliyekaa dirishani hajatoka nje. Yumo ndani, anasikia, anaonekana. Ila mgongo wake umeelekea kwenye utupu. Tukiangalia vizuri, tutawaona watu wa namna hiyo kati yetu.

Wapo vijana wetu. Wengi wamezaliwa hapa, au walifika wadogo wakiwa wameshikwa mkono. Kiswahili wanakisikia, lakini wanajibu kwa Kiswidi. Kanisani wanakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, simu mkononi. Wametii wazazi wao kwa kuja, nasi tumeridhika kwamba wamekuja. Lakini kile kiti cha mwisho ndicho dirisha lao. Na chini ya dirisha hilo, katika mitaa yetu, tunajua kuna nini. Wapo watu wanaowatafuta watoto wetu kupitia simu zilezile, wakiwaahidi fedha za haraka na heshima ya haraka, ili wawatumie kubeba kile ambacho wao wenyewe hawataki kukamatwa nacho. Wapo kina mama wa maeneo haya ya Järva ambao wamezika wana wao. Hili si jambo la kusimuliwa kwa mbali. Baadhi ya watoto hao walisoma darasa moja na wa kwetu.

Wapo watu walio peke yao. Maghorofa yetu yalijengwa katika ule mpango mkubwa wa Uswidi wa kujenga makazi milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974, kwenye ardhi ambayo kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa mashamba na uwanja wa mazoezi ya jeshi. Ni nyumba imara, zina joto. Lakini mtu anaweza kukaa ndani yake siku tisa bila mlango wake kugongwa. Kule nyumbani, jirani asipoona moshi jikoni kwako asubuhi, atakuja kuuliza. Hapa moshi hakuna. Bibi aliyeletwa na wanawe kutoka kambini, asiyejua Kiswidi, wanawe wakienda kazini na wajukuu wakienda shule, hubaki na televisheni isiyomwelewa wala yeye kuielewa.

Na wapo waliovunjika moyo. Yupo aliyekataliwa kibali cha kuishi na anaona haya kusema. Yupo ambaye ndoa yake imevunjika tangu alipofika huku, naye anahofia macho ya watu. Yupo aliyewahi kukwazwa na neno la mmoja wetu, labda katika kikao cha michango, labda jikoni siku ya sherehe, akaanza kuja kwa kuchelewa na kuondoka kabla ya baraka, kisha akaacha kuja.

Paulo alifanya nini?

Turudi Troa. Kijana alipoanguka, Paulo angeweza kumaliza mahubiri yake kwanza. Alikuwa mtume, na kesho asubuhi alikuwa anaondoka. Lakini alinyamaza, akashuka ngazi zote za ghorofa tatu, akamkumbatia. Hakuuliza kwa nini kijana alikaa dirishani wakati ndani palikuwa na nafasi. Hakumtafuta mama yake ili amlaumu mbele za watu kwamba hakumlea. Hayo ni maswali ambayo sisi huwa tunaanza nayo. Mtoto wa fulani akipatikana na shida, kabla jua halijazama habari imeshafika Södertälje na Uppsala, imeshavuka bahari hadi Dar es Salaam na Uvira, na mama yake ndiye wa mwisho kupigiwa simu. Wapendwa, mama huyo anahitaji mtu wa kushuka ngazi.

Halafu tuone kilichofuata. Paulo alipanda tena juu, akaumega mkate. Ibada haikuvunjika. Wengine wangesema, baada ya tukio kama lile, watu waende nyumbani. Wao waliona kwamba sasa ndipo wanauhitaji mkate ule zaidi. Kuna wakati tunasikia wakisema kwamba muhimu ni kusaidiana, Misa si lazima. Na kuna wanaosema kwamba Misa inatosha, mambo ya watu tuwaachie wenyewe. Kanisa la Troa lilishuka, kisha likapanda. Vyote viwili vilikuwa vya usiku mmoja.

Wa kale walijua nani hayupo

Mtakatifu Yustino, shahidi, aliandika huko Roma yapata mwaka 155, akimweleza Kaisari jinsi Wakristo wanavyofanya siku ya Jua, yaani Dominika. Anasema wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja, husoma maandiko ya mitume na manabii, kiongozi huwahimiza, husali, huleta mkate na divai, na wote hushiriki. Ukisoma unaitambua Misa yetu. Kisha anaongeza mambo mawili. La kwanza, mashemasi huwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwepo. La pili, kile watu wanachotoa hupewa kiongozi ili asaidie yatima na wajane, wagonjwa, wafungwa, na wageni walio safarini. Maana yake, Wakristo wale walipotoka kanisani walikuwa na orodha kichwani ya nani amekosekana na kwa nini. Na wageni walikuwa kwenye orodha hiyo. Wageni ni sisi.

Mwaka 304, wakati wa madhulumu ya Kaisari Dioklesiani, Wakristo 49 wa mji wa Abitina, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, walikamatwa wakiwa wamekusanyika siku ya Dominika katika nyumba ya mtu binafsi. Walikuwa wanaume, wanawake na watoto, Waafrika. Kaisari alikuwa amekataza mikutano hiyo. Walipelekwa Karthago wakahojiwa, na mmoja wao, Emerito, akaeleza kwamba wao hawawezi kuishi bila Dominika. Wakateswa, wakafa. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwakumbuka mashahidi hao mwaka 1998 katika barua yake juu ya Siku ya Bwana.

Wazazi, tuwasimulie watoto habari hii, hasa wakati huu. Tarehe 13 Desemba watavaa nguo nyeupe shuleni na kuimba Lucia, taa zikiwaka. Wanajua wimbo, wanajua mikate ya zafarani. Tuwaambie kwamba Lucia alikuwa msichana Mkristo wa Sirakusa, na kwamba mapokeo yanasema aliuawa katika madhulumu yaleyale, mwaka uleule wa 304. Mtoto ajue kwamba sherehe ya shuleni kwake ina mizizi nyumbani kwake, na kwamba imani anayofundishwa na bibi yake si kitu kigeni kilichobebwa kwenye sanduku.

Kwa kweli Misa si mgeni hapa. Kanisa la Spånga, lile la mawe tunaloliona kando ya Tensta, sehemu zake za zamani zaidi ni za karne ya 12. Leo ni la ndugu zetu Walutheri, lakini kwa karne kadhaa, kabla ya Matengenezo, ndani yake iliadhimishwa Misa. Baadaye Ukatoliki ulipigwa marufuku. Mwaka 1781 Mfalme Gustav III aliwaruhusu Wakatoliki wa kigeni kuabudu katika nchi hii. Mpaka leo hii tumefika, waliolibeba Kanisa hili kwa sehemu kubwa wamekuwa wahamiaji. Sheria kamili ya uhuru wa dini ilipitishwa mwaka 1951, na jimbo la Stockholm likaundwa mwaka 1953. Mwaka 1998 Anders Arborelius, Mswidi, alisimikwa kuwa askofu, na mwaka 2017 Papa Fransisko akamfanya kardinali, wa kwanza kutoka nchi hii. Kwa hiyo tunapopanda treni Dominika asubuhi na theluji usoni, tunapita njia ambayo wageni wengine walishaipita. Waliotutangulia walikuwa wachache kuliko sisi, wakadumu.

Jumuiya ndiyo ngazi

Tutajuaje nani hayupo? Kwa macho ya padre peke yake haiwezekani. Padre mmoja anahudumia watu wa lugha nyingi waliotawanyika vitongoji vingi. Lakini sisi tumekuja na kitu tulichojifunza nyumbani. Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kwamba Kanisa lao lijengwe juu ya jumuiya hai za msingi. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, waliweka Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele chao. Wengine wetu tunaziita jumuiya, wengine shirika. Ni kitu kimoja: familia chache za jirani zinazosoma Neno pamoja na kujuana kwa majina, kwa magonjwa na kwa furaha.

Kule nyumbani mtoto hakubatizwa bila jumuiya kujua, na mgonjwa hakulala juma zima bila uji kuletwa. Huku tumezibakiza jumuiya kwa mambo mawili: michango na misiba. Msiba ukitokea, Tensta inajaa magari. Watu wanakesha, wanapika, wanachanga. Hilo ni jema na tusiliache. Lakini mara ngapi tumesikia pale msibani watu wakiulizana kwa kunong'ona, kumbe alikuwa anaumwa? Tulikuwa wengi wakati wa kumzika, na tulikuwa wachache wakati bado anaweza kutuona. Hilo ndilo tunaomba Majilio haya yabadilishe.

Tunapendekeza mambo manne, madogo, ambayo kila familia inaweza kuyafanya.

Kwanza, kila familia ichukue familia nyingine mbili za kuziangalia. Usipowaona Dominika, wapigie simu kabla ya Jumatatu jioni. Usiulize, mbona hukuja Misa? Uliza, mko salama? Aliyekuwa kazini atakuambia. Aliyekuwa analia atanyamaza kidogo, na hapo utajua. Na kama huyo mgonjwa anataka kupokea Ekaristi nyumbani, mjulishe padre.

Pili, wenye zamu za Dominika wazitaje mapema katika jumuiya, ili tupange nani ataenda na nani Misa ya Jumamosi jioni, nani atawachukua watoto wa nani. Mwenye gari asiende na viti vitupu. Wazazi wengi wanakosa Misa kwa kuwa mmoja yuko kazini na mwingine hawezi kupanda treni na watoto wanne. Mkono mmoja haulei mwana.

Tatu, tuwatoe vijana dirishani kwa kuwapa nafasi mezani. Kijana anayesoma Kiswidi vizuri asome somo kwa Kiswidi. Anayejua vyombo vya muziki apige, hata kama hapigi kama tulivyozoea. Anayejua kompyuta asaidie matangazo. Wanaotumikia altareni waheshimiwe na wakubwa. Na nyumbani baada ya Misa, tukiwa mezani na wali na maharage yetu, tuwaulize walichosikia, kwa lugha wanayoiweza, nasi tusikilize bila kuwakatiza. Kijana asiyeulizwa lolote hujifunza kunyamaza, na huko nje wapo watakaomuuliza.

Nne, tujiandikishe parokiani. Wengi tunadhani kwamba kwa kuwa tulibatizwa Musoma au Kisangani, basi parokia hapa inatujua. Haitujui mpaka tujaze fomu. Fomu hiyo inamwezesha padre kujua kuwa upo, na inaliwezesha jimbo kupokea mchango wa waamini unaokatwa kupitia mamlaka ya kodi. Mchungaji mwema anawajua kondoo wake kwa majina. Tumsaidie angalau kwa kumpa majina.

Mwishoni tuwasemeshe ninyi mnaosoma maneno haya mkiwa nyumbani, ambao hamjafika kanisani kwa muda mrefu. Huenda mmekaa mkisema kwamba hakuna aliyewatafuta, na huenda ni kweli. Kama ni hivyo, jumuiya ndiyo iliyochelewa kushuka ngazi, nanyi msituhesabie. Msingojee mpate nguo mpya, wala kibali, wala moyo uliotulia. Bahati wa Troa alirudishwa kati ya wenzake, na uwepo wake ndio uliowafariji wengine. Luka hasemi kwamba watu walifarijiwa na mahubiri, ingawa yalikuwa marefu. Anasema walifarijika kwa sababu kijana alikuwa hai, tena alikuwa pamoja nao. Ndivyo itakavyokuwa kwetu tutakapowaona mnaingia mlangoni.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyewakusanya wanafunzi wako siku ya kwanza ya juma ukiwa mfufuka, utukusanye nasi. Uwape nguvu walio katika zamu za usiku, na haki kwa wanaotumikishwa bila haki. Uwalinde vijana wetu, na uwarudishe wazima wale walioanguka. Uwafariji kina mama waliozika watoto wao. Uwatembelee walio peke yao nyuma ya milango iliyofungwa, na ututume sisi tuwe miguu yako kwenye ngazi za maghorofa haya. Utujalie tuingie Majilio tukiwa macho, taa zetu zikiwaka, na tusikose hata mmoja wetu kwenye meza yako. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama wa wasafiri, ya Mtakatifu Lucia, na ya mashahidi wa Abitina, wewe unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Tuwatakie Dominika njema, na tuonane kanisani.